Vipepeo wa Kwihara na Posho ya Mchana Mmoja

Watu hupenda kuulizana juu ya makosa makubwa, yale ambayo kila mtu huyaona na kuyashangaa. Leo twataka kuuliza juu ya neno dogo, maana madogo ndiyo yatupitayo bila kuonwa, kisha huzoelewa. Na jambo likisha kuzoelewa haliitwi tena kosa, huitwa desturi. Swali letu ni hili: Mtu akiandika jina lake katika daftari ya kazi, kisha akaondoka kwenda kutenda jambo jema mahali pengine, je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosa nani, naye atalipaje? Hatuulizi kama waamuzi walioketi juu ya viti vyao. Twauliza kama watu waliolitenda neno hilo wenyewe.

Mwezi wa Desemba uliopita, shule zilipofungwa, tuliitwa Tabora kwenye mkutano wa waalimu wafundishao elimu ya viumbe. Mkutano ulikuwa wa siku tatu. Mama watoto alituambia, "Baba watoto, mwaka mzima watoto hawa wamekuona jioni tu, tena umeinamia madaftari. Safari hii usituache." Hakusema kwa ugomvi, alisema kweli. Basi tukasafiri wote watano, tukafikia kwa shemeji yetu mjini. Watoto tukawaahidi ya kuwa mkutano ukiisha tutawapeleka Kwihara, wapaone mahali alipokaa Livingstone, tena wawatazame vipepeo, maana mvua zilikuwa zimeanza na miombo ilikuwa imevaa majani mapya.

Siku mbili za kwanza zilikuwa njema kweli. Tulisikia mengi juu ya kufundisha pasipo vyombo vya maabara, jinsi mwalimu awezavyo kutumia chupa, kibuyu, na mdudu aliyeokotwa uani. Siku ya tatu asubuhi tuliandika majina yetu katika karatasi ya mahudhurio, mara moja kwa siku nzima. Saa sita mtunza fedha akatupa posho ya siku, nasi tukatia sahihi tena. Mchana ilibaki kazi moja tu, ndiyo kuyajadili maazimio na kuyapigia kura. Tulijua ya kuwa maneno yatakwenda hata jioni, na basi letu la kurudi lilikuwa la alfajiri. Tukaikumbuka ahadi ya watoto. Basi baada ya chakula tukatoka kwa mlango wa nyuma, wala hatukumwambia mtu. Tena hatukuwa peke yetu. Mlango ule ulikuwa na njia iliyokanyagwa vizuri na miguu ya wengi.

Tulipofika nyumbani kwa shemeji, binti yetu wa darasa la tano akatuuliza, "Mkutano umekwisha, baba?" Tukajibu, "Umekwisha." Neno moja tu, nalo lilitoka kinywani kwa wepesi kuliko salamu.

Kwihara ni mwendo mfupi kutoka mjini, na njia ya kwenda huko ina miembe mikuu. Miembe ya namna hii huonekana mahali pengi katika njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na nguo na shanga na chumvi ya Uvinza, tena ilipitisha watu waliofungwa minyororo, wala haifai kukaa kivulini mwa miembe ile na kulisahau hilo. Huko Kwihara ndiko walikofika Livingstone na Stanley mwaka 1872 wakitoka Ujiji. Stanley alishika njia ya pwani mwezi wa Machi, naye Livingstone akabaki akingoja wapagazi hata mwezi wa Agosti. Nyumba ya tembe iliyotengenezwa upya mahali pale huwapokea wageni mpaka leo.

Watoto waliitazama tembe kwa heshima, lakini si kwa muda mrefu. Moyo wao ulikuwa nje. Na kweli kule nje palikuwa na mengi. Chini ya mwembe mmoja maembe yaliyoanguka yalikuwa yameoza na kuchacha, na juu yake waliketi vipepeo wenye nguvu, wenye mikia miwili katika kila bawa la nyuma, wakinywa maji ya tunda hata hawakujali vivuli vyetu. Katika tope la njia, mahali gari lilipoacha alama ya gurudumu, palikuwa na vipepeo weupe na wa manjano, wamejipanga kama karatasi zilizomwagwa. Tuliwaeleza watoto ya kuwa wengi wa wale ni madume, nao hufuata chumvi iliyo katika maji ya tope. Tena chumvi hiyo dume hampi jike yote yake wala haimfai yeye peke yake, bali sehemu yake humfikia jike wakati wa kupandana, ikasaidia mayai. Mtoto wetu mdogo akasema, "Basi baba yao huwaletea chumvi." Tukacheka, tukasema ndivyo.

Kisha binti yetu akamwona kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe, akiruka polepole kama asiye na adui. Tukafurahi, maana huyo ni somo zuri kwa mwalimu. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Alipokuwa kiwavi alikula majani ya mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu ile yaweza kukaa mwilini mwake hata anapokuwa kipepeo. Ndege mchanga akimshika huona uchungu, hutema, naye hujifunza kuiogopa rangi ile. Kwa sababu hii kipepeo huyu hana haraka. Lakini yuko na mwingine, aitwaye Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi lenye madoa meupe, bali jike limevaa vazi lile lile la rangi ya chungwa, na huruka kwa mwendo ule ule wa polepole, ingawa mwilini mwake hamna sumu. Ndege humwacha kwa sababu ya heshima ya mwenziwe. Ukitaka kuwatambua huna budi kutazama bawa la nyuma kwa makini: wa kwanza ana madoa meusi matatu au manne katikati, wa pili ana doa moja tu, nalo karibu na ukingo.

Watoto wakaanza kuwahesabia madoa kila waliyemwona. Binti yetu akatutazama, akashika kile kilichoning'inia shingoni mwetu, akasema, "Baba, na hiki ni cha nini?"

Tukamwambia, "Ni kitambulisho cha mkutano, mwanangu. Maana yake mwenye kukivaa ni mjumbe, yumo mkutanoni."

Akafikiri kidogo. "Lakini wewe uko huku."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye vipepeo wake. Sisi tukakivua kile kitambulisho, tukakitia mfukoni, na mchana uliobaki mkono wetu ulikuwa ukikigusa mara kwa mara.

Usiku ule tulijitetea sana, na kwa kuwa twaamini ya kuwa wasomaji wetu nao wamepata kujitetea hivyo hivyo, tuziweke hoja zetu hapa moja moja, tuzipime.

Hoja ya kwanza ilikuwa hii: Watoto nao wana haki yao. Baba amewekwa awe baba, hakuwekwa awe mjumbe tu. Hoja hii ni ya kweli, wala hatuiachi. Mtu awapaye wageni wote saa zake na kuwapa watoto wake uchovu tu, huyo naye ana deni. Tena kuwatazama vipepeo si upuzi. Sisi tulioambiwa tuyaangalie maua ya kondeni hatuwezi kusema ya kuwa macho yametengenezwa kwa kazi ya ofisini tu. Lakini kama haki ya watoto ilikuwa kubwa hivyo, mbona hatukuisema mbele ya watu? Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Tungalimwomba ruhusa, angalitupa. Hatukuomba. Na sababu yake, tukiichimba hata mzizi, ni kwamba mwenye kuomba ruhusa ya mchana yamkini ataulizwa juu ya posho ya mchana. Hatukuwakimbilia watoto tu, tulikimbia pia swali lile. Basi haki ya watoto ilikuwa kweli, walakini tuliifanya pazia.

Hoja ya pili: Mchana ule ulikuwa wa maneno tu, na maneno hayajengi nyumba. Neno hili ni rahisi kulisema, lakini si rahisi kulisema Tabora. Mwezi wa Januari mwaka 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake katika mji huo huo, na wajumbe walibishana sana kama waingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuchukia utaratibu ule. Walikaa wakasikilizana, wakaamua kuingia, na njia ya uhuru wa mwaka 1961 ikapitia katika maneno yale. Kama wajumbe wangalikwenda matembezi mchana wa kura, nani angaliamua? Bila shaka mkutano wa waalimu si mkutano wa taifa. Lakini hatukujua siku ile thamani ya maneno tuliyoyaacha. Tuliijua wiki mbili baadaye, tulipoletewa taarifa. Miongoni mwa maazimio lilikuwamo moja la kuziomba shule ziweke mchana mmoja kila mwezi, wanafunzi watolewe darasani wakatazame mimea na wadudu mahali walipo. Azimio hilo halikupigiwa kura. Walipohesabu watu, idadi iliyotakiwa haikutimia, na shauri likaahirishwa hata mkutano wa mwaka ujao.

Ndugu msomaji, tuliisoma taarifa hiyo mara mbili. Tuliuliza mwanzo, amekosewa nani? Sasa twajua. Wakati tulipowaonyesha watoto wetu watatu vipepeo, tuliwanyima kura yetu watoto wa watu wengine, ambao hawana baba mwalimu wa kuwahesabia madoa. Hatusemi ya kuwa kura yetu moja ingalitosha. Twasema ilikuwa yetu kuipiga, nasi tulikuwa tumetia sahihi ya kwamba tupo.

Hoja ya tatu: Wote hufanya hivyo. Hapa na tumrudie yule kipepeo asiye na sumu. Yeye hana kosa, maana hakulichagua vazi lake. Lakini kuna jambo moja ambalo wataalamu wamelieleza juu ya kufanana kwa namna hii. Vazi la kuazima humfaa mwenye kuliazima maadamu wenye sumu ya kweli ni wengi na waigaji ni wachache. Waigaji wakizidi, ndege huonja mara nyingi bila kupata uchungu, hata huacha kuiogopa rangi ile. Ndipo waigaji huliwa, na wenye sumu huliwa pamoja nao, mpaka ndege wajifunze tena. Ndivyo ilivyo sahihi ya mtu. Mmoja akitia sahihi ya uongo, huponea katika uaminifu wa wenzake. Wengi wakitia, sahihi haina maana tena, na wa kwanza kuumia ni waaminifu. Leo mikutano mingi huwaita watu majina asubuhi, huwaita tena mchana, na posho hutolewa jioni mlangoni, kana kwamba waalimu ni watoto watoro. Watu wazima hulalamika ya kuwa wamedharauliwa. Lakini dharau hiyo twaifuma wenyewe, uzi kwa uzi. Basi kusema "wote hufanya" si utetezi, bali ni kueleza jinsi ubaya ulivyokuwa mkubwa.

Hoja ya nne ndiyo iliyotushika zaidi: Posho yenyewe ni ndogo, na kazi tunazozifanya bila malipo ni nyingi. Nani anatulipa kwa madaftari ya usiku? Hapa tulilifikiri neno lenyewe, posho. Katika siku za misafara posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho. Mnyamwezi aliyetoka pwani alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, ndio karibu kilo 30, akaenda nao miezi, na posho yake ilifuatana na mzigo wake. Wasafiri wengi waliandika juu ya wapagazi waliokimbia, na mara nyingine wapagazi walikuwa na sababu, maana walipigwa na kupunjwa. Lakini kila mtu katika msafara alijua tofauti kati ya mpagazi adaiye posho yake iliyopunguzwa, na mpagazi alaye posho hali mzigo ameuficha kichakani. Wa kwanza hudai haki, tena hudai mbele ya watu. Wa pili hujilipa gizani. Kama posho ya waalimu haitoshi, na tuseme hivyo katika mkutano, mchana, tukiwa tumeketi katika viti vyetu. Wala si aibu baba kuwaletea watoto chumvi, hata kipepeo huiletea nyumba yake. Aibu ni kuitwaa mahali usipoketi.

Tena Unyanyembe ile ile ina ushuhuda mwingine juu ya mizigo. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, Chuma na Susi na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakauchukua kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili pale pale, maana njia iliyobaki ilikuwa na hatari. Wangaliweza kukubali. Mkubwa aliyekuwako alikuwa amewapa ruhusa, na bwana wao aliyekufa hangaliwauliza neno. Walikataa, wakaendelea, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hakuna karatasi ya mahudhurio iliyowashika katika njia ile. Mzigo wao ulikuwa umewekwa mioyoni mwao, na kwa hiyo haukuwa na mlango wa nyuma.

Basi tukakata shauri kuirudisha posho ya mchana ule. Twafundisha amri ya saba na ya nane, tutawezaje kuziruka kwa sababu fedha ni kidogo? Lakini kurudisha si kazi nyepesi kama tulivyodhani. Tulimpigia simu mtunza fedha, naye akacheka kwa upole. "Mwalimu," alisema, "mimi ninayo hati ya kulipa, hati ya kupokea sina. Hesabu imekwisha kufungwa. Nikizipokea fedha zako, nitaulizwa zimetoka wapi, na hapo nitalazimika kuwataja na wenzako." Tukamwuliza, "Basi tufanyeje?" Akasema, "Kazitoe sadaka, Mungu atazipokea."

Shauri hilo lilitupendeza kwa muda, maana lilikuwa rahisi. Walakini tulipolifikiri tuliona si sawa. Sadaka ni mtu kutoa kilicho chake. Fedha zile hazikuwa zetu, basi tungalitoa cha mtu mwingine na kupokea sifa juu yake. Mwisho tuliandika barua kwa wenye kuuandaa mkutano, tukalitaja kosa letu peke yetu bila kumtaja mwingine, tukaomba posho ya mkutano ujao ipunguzwe kwa kiasi kile, na azimio lile lirudishwe kuwa la kwanza katika shauri za siku ya kwanza. Barua tumeipeleka. Jibu halijafika. Huenda wakatucheka, huenda wasituite tena. Hilo nalo tumelipima.

Ilibaki kazi moja, nayo ilikuwa nzito kuliko barua. Jioni moja tulimwita binti yetu, tukamwambia, "Siku ile ya Kwihara ulituuliza kama mkutano umekwisha, tukasema umekwisha. Haukuwa umekwisha. Tulikudanganya, tena tulitoroka." Tukamweleza yote, hata habari ya azimio. Alikaa kimya, akichora kwa kidole juu ya meza. Tulidhani atatuuliza kwa nini. Badala yake akauliza, "Basi na vipepeo tuwarudishe?"

Hatukuwa na jibu tayari. Mama watoto ndiye aliyejibu: "Hapana, mwanangu. Vipepeo hamkuwaiba ninyi. Mliwatazama tu, na walipoondoka waliondoka wote." Twadhani neno hilo ni kweli. Furaha ya watoto siku ile haikuwa uongo, na hatutaki waikumbuke kwa huzuni. Lakini sehemu yetu katika furaha ile twaijua ilivyopatikana, na kila tukumbukapo kipepeo yule wa rangi ya chungwa, twajikuta tukitafuta madoa katika bawa la nyuma.

Basi, wapenzi wasomaji, hatuwashauri kuacha matembezi na watoto wenu kwa ajili ya mikutano. Kinyume chake, twawashauri: wapeni watoto siku, tena siku iliyo yenu kweli, iliyoombwa na kupewa mchana kweupe, ili mtoto akiuliza, "Kazi imekwisha, baba?" muweze kujibu bila kugusa mfuko. Nanyi mlio waalimu wa dini na wazee wa usharika, mnaokaa katika mikutano mingi na kutia sahihi nyingi, litazameni jambo hili katika vikao vyenu. Kama yuko msomaji aonaye ya kuwa tumeufanya unyoya kuwa mzigo, au ajuaye njia iliyo bora ya kurudisha kile ambacho hakuna aliye tayari kukipokea, na atuandikie. Tutaisoma barua yake kwa shukrani.